Gugumaji Halikujileta

Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulioingia Kenya, ikifunikwa na gugumaji kutoka Dunga hadi bandari ya Kisumu, lawama zote hushukia mmea huo. Gugumaji limefungia boti. Gugumaji limezalisha mbu na konokono wa kichocho. Gugumaji limeburura nyavu zikapotea. Yote ni kweli, na mvuvi aliyekaa siku tatu bila kusukuma mashua majini ana kila sababu ya kulitukana. Lakini mmea huu hunenepa pale tu unapolishwa, na wanaoulisha wanajulikana: wako milimani Nandi Hills na Tinderet, wako mashambani Muhoroni na Kano, wako mitaani Nyalenda na Manyatta, mjini Kisumu. Mtu akiacha udongo wa shamba lake uondoke na mvua, au choo chake kimwagikie mtaroni, deni lake ni kwa nani? Huku kwetu tumelizoea ziwa kama mtu asiyedai.

Gugumaji lenyewe halikujileta. Asili yake ni bonde la Amazon, Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau, liwe pambo la vidimbwi vya bustani. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria lilianza kuonekana karibu na mwaka 1990. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisomba kila kitu kutoka milimani, likatapakaa hata picha za setilaiti za mwishoni mwa 1998 zikaonyesha takribani hekta 17,000 kwenye ghuba. Likapungua. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 likarudi tena. Ukiifuatilia miaka hiyo utaona kwamba halirudi kwa nasibu. Hurudi mito ikishafurika.

Wanaodai serikali inunue mashine "imalize kazi" wapige hesabu kwanza. Hekta moja iliyoshonana hubeba tani 200 na zaidi za mmea mbichi. Zidisha kwa hekta 17,000, unapata tani milioni tatu na laki nne. Lori la tani 10 lingekwenda safari 340,000. Na karibu asilimia 95 ya uzito huo ni maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya dizeli ingetumika kulibeba ziwa na kulipeleka nchi kavu. Tena joto likiwa zuri na chakula kipo, mmea huu huweza kujizidisha mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi. Ondoa nusu leo, na mwezi haujaisha umerudi ulipoanzia. Mbegu zake nazo hulala kwenye tope miaka 15 na zaidi zikingoja maji yapungue zipate mwanga.

Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 wazo la kulikatakata na kuliacha lizame papo hapo lilionekana la busara. Kwangu mimi lilikuwa sawa na kufagia taka chini ya mkeka. Majani yaliyozama huoza, vijidudu vinavyoyaozesha hutumia oksijeni iliyo majini, samaki wa chini hukimbia au hufa, na rutuba yote iliyokuwa ndani ya mmea hurudi kwenye tope ikiwa tayari kulisha kizazi kingine. Vipande vya shina vilivyobaki na kichipukizi huota upya.

Wadudu wamefanya kazi kwa heshima zaidi. Fukusi wa aina mbili za Neochetina, ambao asili yao ni huko huko Amerika Kusini na ambao walizalishwa Kibos, karibu na Kisumu, waliachiliwa upande wa Kenya kuanzia 1997. Mdudu mzima hukwangua jani na kuacha madoadoa meupe. Funza wake hutoboa kikonyo, maji yakaingia, mmea ukalemewa na kuzama. Kasoro yake iko hapa: zulia likizama, wadudu huzama nalo. Mbegu zikichipua msimu unaofuata, mmea huanza na nguvu zote huku fukusi wakihitaji miezi mitatu au zaidi kwa kizazi kimoja tu. Na maji yenye rutuba nyingi humpa mmea majani mapya haraka kuliko mdudu anavyoweza kuyala. Kwa hiyo mdudu hakushindwa. Tuliendelea kumpa adui yake mbolea.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha kwenye hafla za kung'oa gugumaji kwa mikono, zile za fulana mpya na picha nyingi. Gugumaji na mwani hugombea chakula kimoja. Ukiliondoa gugumaji juu ya maji bila kupunguza rutuba inayoingia, jua hufika majini na mwani wa kijani-bluu huchukua nafasi. Baadhi ya mwani huo hujivutia naitrojeni kutoka hewani, hivyo, katika rutuba inayoingia na mito, kinachoupa nguvu ni fosforasi. Aina kama Microcystis hutoa sumu inayoumiza ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Huweza hata kupasua seli na kuimwaga zaidi. Maji yakiwa kama rangi ya kijani iliyomwagwa, yasichotwe ufuoni kwa kunywa na ng'ombe wasinyweshwe hapo. Usiku mwani huo nao huvuta oksijeni. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki kwa wingi, na watafiti wakataja upungufu wa oksijeni.

Basi tupande juu ya mto, maana huko ndiko chakula kinakotoka.

Fosforasi si kama naitrojeni. Naitrojeni huyeyuka na kwenda na maji; fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo. Udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una asidi, na udongo wa namna hiyo wenye chuma na alumini nyingi huikamata fosforasi ya mbolea kabla mzizi haujaifikia. Mkulima anaweka DAP, mbolea ya kupandia, mahindi yanachukua kidogo, iliyobaki inakaa kwenye tabaka la juu. Mvua ya Aprili ikilisomba tabaka hilo, inaondoka na pesa zake. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una kama kilo 10 za fosforasi halisi. Mtu mzima hutoa isiyozidi nusu kilo hivi kwa mwaka mzima kwa choo na mkojo. Yaani mfuko mmoja uliosombwa ni sawa na vyoo vya watu 20 kwa mwaka.

Na udongo wenyewe? Milimita moja tu, unene wa kucha, ikitoka kwenye ekari moja ni mita za ujazo nne, karibu tani tano. Nusu ya lile lori letu la tani 10. Hakuna anayeiona ikiondoka kwa sababu haiondoki kwa kishindo. Anayetaka kuiona aende Nyakach akatazame makorongo ya Katuk Odeyo, au asimame Ahero mvua kubwa ikinyesha milimani na kuchota chupa ya maji ya mto Nyando. Aiache itulie usiku kucha, kisha asubuhi apime tope lililokaa chini.

Tope hilo ndilo linaloniletea ugomvi na watu wa mazingira wenzangu. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikiwekea kiwanda kikomo cha miligramu 30 za chembe kwa kila lita ya maji taka kinayoachilia. Ni sawa kabisa, na kiwanda kinachoachilia maji ya molasi usiku kinastahili kufungiwa bomba. Lakini mto ukifurika, maji yanayotoka mashambani huzidi kikomo hicho mara nyingi sana, na hakuna bomba la kufungia, hakuna meneja wa kupiga picha. Tunapenda kosa lenye geti na mlinzi. Kosa lililotawanyika kwenye mashamba maelfu, kila moja likiwa na mama anayetafuta karo, hatujui tulishike wapi. Haba na haba hujaza kibaba: maji ya kila shamba ni kidogo, ghuba inayapokea yote. Na ghuba yenyewe ni ya kina kifupi, wastani hata mita 10 haufiki, na maji yake hutoka polepole kupitia mlango wa Rusinga. Tuta la barabara la Mbita lilivyoziba upande mmoja wa kisiwa cha Rusinga kwa miongo, hadi daraja lilipojengwa, lilizidisha hali hiyo.

Mkulima maskini asamehewe? Sikubali, ila asidaiwe sawa na tajiri. Kuna mambo yasiyomgharimu chochote na hayo hana udhuru nayo. Kupima mbolea, kwa mfano. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ekari huwa na mashimo 10,800 hivi. Kifuniko kimoja cha soda kina kama gramu 5 za DAP, hivyo ekari nzima hutumia kilo 54. Mbolea iwe chini, ifunikwe kwa udongo kidogo, kisha mbegu, kwa sababu mbegu ikigusana na chembe za DAP huungua. Anayerusha mbolea juu ya shamba kwa kiganja anaumwagia mto. Na kwa kuwa DAP huongeza asidi, udongo upimwe. pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 5.5, chokaa ya kilimo itamfaa kuliko mfuko wa pili wa mbolea.

Mengine yanagharimu jasho, na hapo ndipo haki inapoingia. Chukua mtaro wa fanya juu, ule unaochimbwa kukingama mteremko ili kuzuia udongo. Unahitaji vijiti viwili vyenye urefu sawa, uzi wa mita 10 na pima maji ndogo ya kuning'iniza katikati ya uzi. Ukiunyoosha uzi kuteremka mlima ukiwa umelala sawa, na tofauti ya kimo cha uzi kwenye vijiti ikawa sentimita 120, mteremko wako ni asilimia 12. Mitaro itakaa umbali wa mita 12 na nusu hivi. Mteremko wa asilimia 20 unataka mita 10 na nusu. Ukizidi asilimia 35, sheria za zamani za matumizi ya ardhi hazikuruhusu kulima kabisa, na mpaka leo sioni zilikosea wapi. Mtaro uchimbwe upana wa sentimita 60 na kina cha 60, udongo utupwe upande wa juu, uache ukingo wa sentimita 15 hadi 30 ili udongo usirudi shimoni. Juu ya tuta hupandwa mabingobingo, yaani nepia, ambayo mizizi yake hushika tuta na majani yake hulisha ng'ombe.

Kinachoharibika karibu kila mara ni usawa. Mtu huchimba kwa jicho. Mtaro ukiinama hata kidogo, maji yote hukimbilia pembe moja, yanavunja tuta, na badala ya kuzuia korongo umelianzisha. Dawa yake ni kuacha kizuizi cha udongo ndani ya mtaro kila baada ya mita 10, ili kosa la sehemu moja lisibebwe na mtaro mzima. Kosa la pili ni la watu wa barabara: kalvati hutoboa upande wa pili na kumwagia shamba la mtu maji ya kilomita nzima ya lami. Hapo mwenye shamba achimbe mtaro wa kukinga juu kabisa kabla ya mingine yote, au kazi yake itasombwa usiku mmoja. Kwa haki, aliyejenga kalvati ndiye angepaswa kuuchimba.

Sasa hesabu ya jasho. Ekari ya mraba kwenye mteremko wa asilimia 12 inahitaji mitaro mitano ya mita 63, jumla mita 315. Mtu hodari akichimba mita 6 kwa siku, ni zaidi ya siku 50. Nani azilipe? Mkulima wa Tinderet atafaidika, ndiyo, udongo wake utabaki. Lakini atakayefaidika zaidi ni mvuvi wa Dunga, mwenye hoteli ya samaki, mwenye boti, na kila nyumba ya Kisumu inayofungua bomba. Hao hawajachimba hata shimo la mwembe. Mtu wa chini kumdai mtu wa juu maji safi bure ni dhuluma kama ile ya mtu wa juu kumtupia wa chini tope.

Dawa si ngeni. Kwenye bonde la mto Malewa, watumia maji wa Ziwa Naivasha waliwahi kuwalipa wakulima wa juu huko Nyandarua vocha za pembejeo ili wapande vipande vya nyasi na miti, na kuacha kulima kingo za mto. Walilipa kwa sababu maji yakichafuka biashara yao inachafuka. Kisumu ina biashara ya kutosha kufanya hivyo. Sehemu ndogo ya bili ya maji na ya ada za bandari na vizimba ingeweza kununua siku-kazi hizo 50, ekari baada ya ekari, kwa masharti kwamba mtaro unakaguliwa baada ya mvua na si kabla yake.

Mjini nako tusijifiche nyuma ya mkulima. Nyalenda na Manyatta maji ya ardhini yako karibu sana. Shimo la choo linapaswa kuishia angalau mita moja na nusu juu ya maji hayo na kukaa mita 30 kutoka kisimani. Kwenye ploti zetu za kubanana hilo halipimiki, kwa hiyo choo cha kuinuliwa juu ya ardhi chenye tangi la kufunga ndicho kinachofaa. Kikijaa kiitiwe lori la kunyonya, na lori likamwage kwenye mabwawa ya Nyalenda, si kwenye mto Auji. Kila mtu anaijua desturi ya kutoboa ukuta wa choo mvua ikianza ili mafuriko yafanye kazi hiyo bure. Mwenye nyumba anayekusanya kodi ya vyumba kumi na kufanya hivyo namwona mbaya kuliko mkulima wa mteremkoni, maana yeye pesa anayo. (Wanaoosha magari kando ya ziwa wanakera macho, na waache, lakini si wao wanaolisha hekta 17,000.)

Kati ya mto na ziwa kuna mlinzi mmoja tuliyemsahau: mafunjo. Maji yakipita kwenye mafunjo yanapunguza kasi, tope linatua, mizizi inakula rutuba. Kuyakata kwa ajili ya mikeka na vikapu si kosa, ilimradi yakatwe juu ya maji na yapumzike miezi sita au zaidi kabla ya kukatwa tena. Yanayoyaua ni moto, kung'oa vijiti vya chini ili kupanda mboga, na mifugo inayokanyaga machipukizi. Hata ngege, samaki wa asili aliyetuponyoka ziwani baada ya mbuta (sangara) na sato wa kigeni kuletwa, amejificha Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala, nyuma ya ukuta wa mafunjo hayo hayo. Tuliwahi kuwa na mamia ya aina za fulu pia, wale samaki wadogo wa ziwani. Nyingi hazipo tena, na hakuna aliyeulizwa.

Je, ziwa lenyewe lina haki, au haki ni za sisi tunaolinywa? Katiba yetu ya 2010 iliishia kwa watu: kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, cha 69 kinamwekea kila mtu wajibu wa kuyalinda. Lakini kifungu cha 70 kilifungua mlango mpana kuliko wengi wanavyodhani: anayekwenda mahakamani kutetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mazingira ya 2019 inasema maumbile yenyewe yana haki ya kuwepo, kudumu na kujihuisha. Kwa hiyo mbuta akitoka Sio Port akaogelea magharibi, njiani anapata haki, na akirudi anazipoteza. Najua karatasi haizuii tope. Ila inabadilisha nani anaanza kujieleza: leo ni ziwa linalotakiwa kuthibitisha kwamba limeumizwa, na ziwa halina mdomo wa kusema lolote isipokuwa gugumaji.

Anayelitoa kwa mikono, basi, alitoe vizuri. Lisirundikwe ufuoni, maana likioza maji yake meusi hurudi ziwani. Lipelekwe juu ya alama ya mafuriko, likatwe, linyauke siku tano hivi, kisha lipangwe kwa matabaka na samadi ya ng'ombe na kugeuzwa mpaka joto la katikati lipande kiasi cha kuua mbegu. Lililotolewa karibu na mdomo wa mto Kisat lisiwekwe kwenye sukuma wiki, kwa kuwa mmea huu hufyonza pia metali nzito za maji taka ya mji. Hilo liende kwenye miti ya mbao.

Mvua za masika huanza Machi. Mitaro huchimbwa Januari na Februari, ardhi ikiwa imekauka lakini haijawa mwamba, na nepia hupandwa baada ya mvua ya kwanza kuzama kiasi cha kiganja. Anayengoja Aprili atachimba tope.